Core i5 mtumba ya kizazi cha nne kwenye steshenari Masasi: uzoefu wangu

Kwa kuchapa, kuprinti na kuskani, kompyuta hii ya mezani sina neno nayo. Msimu wa korosho ukianza, wakulima wanaleta fomu za chama cha msingi kutwa nzima na inahimili. Nyota nne kati ya tano.

Ila kabla hujatoa hela, ijue prosesa yake, yaani chipu ya Intel iliyo ubongo wa kompyuta. Kizazi hiki kilitoka 2013. Januari 2018 zikatangazwa Meltdown na Spectre, kasoro zilizomo kwenye muundo wa prosesa yenyewe, wala si kwenye Windows. Ili iende kasi, prosesa hubahatisha kazi inayofuata kabla haijaagizwa. Mama lishe akikuona mlangoni anaanza kukupakulia wali maharage uliouzoea. Ukiagiza ugali anaurudisha sufuriani, lakini sahani imeshachafuka na aliye nyuma yako kajua ulichozoea kula. Kwenye prosesa, alama hiyo hubaki kwenye kashe, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo ndani yake. Programu yenye hila hupima muda wa kusoma data, ikang'amua siri, nywila zikiwemo.

Nimeweka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows. Ukiandika amri ya lscpu kwenye dirisha la amri, mwishoni inakuorodheshea kasoro moja moja na kinga yake. Penye Meltdown kwangu inasoma PTI, yaani kumbukumbu ya kiini cha mfumo imetengwa na ya programu za kawaida. Ni kinga ya kweli, lakini ina gharama: kila programu inapoomba huduma ya mfumo kuna kuvuka na kurudi, na kasi inapungua, hasa kwenye prosesa za umri huu.

Spectre ndiyo ngumu zaidi. Hakuna sasisho moja la kuimaliza. Inazibwa kwenye kiini, kwenye kivinjari, kwenye programu moja moja, na muundo wenyewe uko palepale. Ndugu zake nao wameendelea kugunduliwa. Downfall ya 2023 iligusa Intel za kizazi cha 6 hadi cha 11, kwa hiyo muuzaji anayekwambia ongeza hela uchukue kizazi cha 8 uwe salama, anakuuzia kasi tu.

Mashine ya steshenari inapokea flashi za watu wote, na yoyote inaweza kuleta programu yenye hila. Ndiyo maana mteja akitaka kufungua akaunti yake ya benki hapa namkatalia, hata akinilipa, na hesabu za duka nazitunza kwenye laptopu nyingine isiyoguswa na flashi ya mtu.