Mbegu za kununua kwa kila msimu: bustani ya nyumbani Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga

Ukiingia duka la pembejeo, achana kwanza na picha iliyo kwenye pakiti. Jiulize tuko mwezi gani. Huku kwetu kuna vuli, Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Katikati yake kuna kiangazi kikali na kipupwe. Mbegu bora ikipandwa msimu usio wake ni hela iliyotupwa, na ndiyo maana nimezipanga kwa uhakika wa mavuno, si kwa umaarufu.

Nafasi ya kwanza naipa mchicha, bila kusita. Unaota mwaka mzima, na wiki tatu hadi nne baada ya kusia unakula. Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hiyo zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzimwage, la sivyo zitarundikana sehemu moja. Wakati wa masika inua tuta na ulifunike kwa nyasi kidogo, maana mvua moja kubwa inazisomba zote. Mbegu zikichipua tu, ondoa nyasi. Hapa huhitaji mbegu chotara: acha mashina mawili yakomae, nawe una mbegu za msimu ujao.

Ya pili ni bamia, rafiki wa joto. Panda vuli zikianza, au hata kiangazi kama una maji. Loweka mbegu usiku kucha. Clemson Spineless inafaa sana kwa nyumbani kwa sababu haina miiba inayowasha mikono. Mavuno huanza baada ya miezi miwili hivi. Chuma kila baada ya siku moja au mbili. Ukichelewa bamia inakuwa nyuzi tupu.

Ya tatu, chainizi, ila kwa kipupwe tu, Juni hadi Agosti. Kwenye joto la Februari hukimbilia kutoa maua na majani yanakuwa machungu.

Ya nne ni ua: zinia. Sia palepale litakapokaa, kwenye jua kamili, mvua zikielekea kuisha, kwani unyevu mwingi huleta ukungu mweupe kwenye majani. Mimi huliweka kando ya matango. Tango linahitaji nyuki ili lizae, na zinia huwaita.

Nyanya nimeiweka mwisho, najua wengi watashangaa. Masika huleta bakajani, ugonjwa wa ukungu unaokausha majani, kiangazi hupukutisha maua, na kantangaze, mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014, hutoboa majani na matunda. Ukiitaka kweli, otesha kitalu chini ya kivuli mwezi Mei, uhamishie bustanini Juni. Chagua Tengeru 97, iliyotoka kituo cha utafiti cha Tengeru, Arusha: ganda lake ni gumu na tunda halioozi haraka. Mbegu zake unaweza kuzihifadhi, tofauti na za chotara ambazo kizazi cha pili hakifanani na mama.

Ukinunua miche badala ya mbegu, geuza majani utazame chini yake. Ukiona inzi weupe wadogo wakiruka, rudisha trei. Mche uliokwisha kutoa maua usikuvutie: umedumaa kwenye trei, na mfupi mnene wenye majani manne au matano utaupita. Mizizi iwe myeupe, isiwe ya kahawia.

Kwa pakiti, angalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, tarehe ya mwisho wa matumizi, na mahali ilipokuwa imewekwa. Iliyoning'inizwa juani mlangoni usiinunue hata ikishushwa bei. Nyumbani, kunja mbegu 10 ndani ya kitambaa kibichi kwa wiki moja. Zikiota 7 au zaidi, sia kama kawaida. Zikiota 5 au 6, ongeza wingi wa mbegu shimoni. Chini ya hapo, nunua pakiti nyingine kabla mvua hazijakukuta.