Jiriwa ya kuinama: nakaza, inahama

Nianze na hukumu kabisa: jiriwa ya kuinama, kile kibanio cha mezani kinachoinamishwa ili kipande kikatwe au kitobolewe kwa pembe, msinunue. Angalau msinunue aina hii niliyonayo, yenye bawaba upande mmoja na bolti moja tu ya kuifungia pembe.

Shida yote iko kwenye hiyo bolti. Unaiweka jiriwa kwenye digrii 30, unakaza, na kule kukaza ndiko kunakoitoa kwenye digrii 30. Sikisii. Nilibana kipande cha pembe cha digrii 30 kwenye taya, nikapitisha geji ya saa, kile kipimo cha sindano kinachoonyesha tofauti ndogo sana za kimo, juu ya uso wake huku naigongagonga jiriwa kwa nyundo ya plastiki mpaka sindano ikatulia. Kisha nikashika spana. Ile robo mzunguko ya mwisho, inayofunga kweli, sindano ikaanza kutambaa mbele ya macho yangu. Nikalegeza, nikarudia, ikatambaa tena. Basi nikaitega makusudi chini kidogo, ili ikihama ifike yenyewe panapotakiwa. Safari hiyo haikuhama! Hapo nilitukana.

Mtu asiyeijua kazi hii ataniuliza kuhama nusu digrii ni kitu gani. Ni karibu milimita 0.9 kwa kila milimita 100 za urefu. Vipande viwili vya kuungana kwa mshazari vikitoka hivyo, mwanga unapita katikati. Na zile alama za digrii ubavuni ni mapambo. Mstari mnene, hujui usome ukingo wa juu au wa chini.

Nikamwandikia muuzaji, kwa adabu zote, na video ya sindano ikitembea. Jibu: "Bosi, hiyo ni ya kazi ndogondogo za nyumbani, ukitaka usahihi nunua ya kiwandani." Haya, mbona kwenye boksi mmeandika usahihi wa hali ya juu? Kimya. Meseji imesomwa, jibu hakuna. Kinachoniuma ni ile "bosi", kama vile tunataniana.

Sijasema inavyokula kimo. Mashine ndogo ya milingi, ile ya kukata chuma kwa kikatio kinachozunguka, haina nafasi kubwa kati ya meza na kikatio, na dude hili linaimaliza karibu yote. Kinachobaki kinatetema.

Siku hizi pembe inayotaka kuwa sawasawa naikata kwenye jiriwa ya kawaida. Naegemeza kipande juu ya baa ya saini (sine bar), ile ya kupangia pembe, yenye roli mbili zilizoachana milimita 100: ukiinua upande mmoja milimita 50, umepata digrii 30 bila kusoma alama yoyote. Nabana, natoa baa, nakata.

Ila kwenye mashine ya kutoboa, lazima niseme, dude lenyewe ni raha. Biti inashuka moja kwa moja, haisukumi ubavuni, na tundu la skrubu la mshazari halijali nusu digrii, mradi uanze na biti fupi ya senta isiteleze. Juzi nimetoboa vipande vya alumini mfululizo bila kuigusa bolti, nikajikuta napiga mluzi. Kwa hiyo lile "msinunue" langu… kama ni ya kutoboa tu, nunueni. Ya milingi, hapana. Kwa muuzaji yule, hata ya kutoboa hapana.