Matembezi ya Michoro ya Ukutani Montreal Katikati ya Januari: Uzoefu Wangu

Watu wengi huifuata michoro ya ukutani ya Montreal mwezi wa Juni, wakati wa tamasha la MURAL lililoanza mwaka 2013, barabara ya Saint-Laurent inapofungwa kwa magari na wachoraji wakafanya kazi juu ya majukwaa huku umati ukiwatazama kutoka chini. Mimi nilikwenda katikati ya Januari, nikalipia matembezi ya kuongozwa yaliyochukua asubuhi nzima, sehemu kwa miguu na sehemu kwa treni ya chini ya ardhi, na maoni yangu ni kwamba kwa mtu anayetaka kuitazama michoro yenyewe kuliko sherehe yake, majira ya baridi yana faida ambazo Juni haina. Yana pia taabu zake, nami nitazieleza bila kuzipunguza.

Faida ya kwanza ni kwamba kuta zinaonekana. Mitaa ya Plateau, eneo la mji ambamo barabara hiyo inapita, imepandwa miti pande zote mbili, na majani yake yakishatoka huziba michoro mingi kuanzia ghorofa ya pili kwenda juu. Januari miti yote iko uchi, meza na miavuli ya mikahawa imeondolewa njiani, na jua linapita chini chini kusini, likiangaza ukuta kwa ubavu kiasi kwamba unaona hata mikwaruzo ya brashi na mahali rangi ya kupuliza ilipochuruzika. Ndivyo nilivyouona mchoro wa Leonard Cohen, mshairi na mwimbaji wa Montreal, uliofanywa na Kevin Ledo mwaka 2017, wenye kimo cha ghorofa tisa, karibu na bustani ya Parc du Portugal ambapo mshairi huyo alikuwa na nyumba. Hatua chache kutoka hapo, kwenye Saint-Laurent, yupo Jackie Robinson aliyechorwa na msanii ajiitaye Fluke. Robinson aliichezea timu ya besiboli ya Montreal Royals mwaka 1946, mwaka mmoja kabla ya kuingia ligi kuu ya Marekani ambayo ilikuwa imewafungia nje wachezaji weusi kwa miongo mingi. Kiongozi wetu, ambaye naye ni mchoraji, alitupa muda wa kutosha mbele ya kila ukuta na hakutuharakisha, jambo ambalo si dogo pale kipimajoto kinaposoma nyuzi 17 chini ya sifuri.

Yeye ndiye aliyetufafanulia kwa nini hakuna michoro mipya wakati huo. Kopo la rangi likipoa, gesi iliyo ndani hupoteza msukumo, rangi ikatoka kwa matone badala ya ukungu mwembamba, na hata ikifika ukutani haikauki ipasavyo. Kwa hiyo kila unachokiona Januari ni kazi iliyokwisha kuvumilia baridi, na nyingine imeivumilia miaka mingi. Alitushikisha ukuta mmoja ambao rangi yake imeanza kubanduka: maji huingia kwenye nyufa za matofali, yakaganda, yakapanuka, yakaisukuma rangi kutoka ndani, kisha yakayeyuka na kuanza upya. Niliipenda sana sehemu hii, kwa sababu vitabu vya picha huonyesha mchoro siku ulipokamilika tu, nasi tulikuwa tunaonyeshwa namna unavyozeeka.

Taabu ilikuwa vichochoroni. Nyuma ya nyumba za Plateau kuna mtandao wa vichochoro vyenye grafiti na michoro midogo, na tangazo la kampuni lilivitaja kama kiini cha matembezi. Barabara kuu za Montreal husafishwa kwa bidii, magari yakibeba theluji na kwenda kuitupa mbali, lakini vichochoro vingi havisafishwi hivyo, na siku hiyo theluji ilitufika magotini. Tuliingia kimoja tu, tukaona nusu ya juu ya michoro kwa kuwa nusu ya chini ilikuwa imefukiwa, tukarudi. Kiongozi hakuwa na lawama. Kosa ni la tangazo, ambalo lilipaswa kubadilishwa kulingana na majira ili mteja ajue analipia nini.

Kutoka hapo tuliteremka kwenye treni, njia ya rangi ya chungwa, na hapa mpangilio wa ziara ulikuwa wa busara. Treni ya Montreal, iliyofunguliwa mwaka 1966, hupita chini ya ardhi mwanzo hadi mwisho na hutembea kwa magurudumu ya mpira, na vituo vyake vingi vilipambwa na wasanii. Tulisimama Champ-de-Mars kutazama vioo vya rangi vya Marcelle Ferron vya mwaka 1968, ambavyo hupokea mwanga wa mchana na kuumwaga sakafuni kwa rangi nyekundu, kijani na zambarau. Mtu anaweza kubisha kwamba hiyo si sanaa ya mtaani, maana iliagizwa na kulipiwa. Mimi naona katika mji ambao kwa miezi kadhaa maisha huhamia chini ya ardhi, kituo cha treni ni mtaa kamili. Isitoshe, vidole vilipata nafasi ya kurudiwa na damu.

Kituo cha Georges-Vanier kilitutoa Little Burgundy, na kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kulipia, ningechagua hii. Mtaa huu ulikuwa makao ya Waafrika-Wakanada na wahamiaji wa Karibiani waliofanya kazi kwenye reli, wengi wao wakiwa wahudumu na wabeba mizigo wa mabehewa ya kulala, kwa kuwa kazi nyingine nyingi walinyimwa. Mimi nililelewa Tabora, mji uliokuzwa na reli, na nilipokuwa nikisikiliza habari za nyumba zilizoishi kwa kufuata ratiba ya treni, baba akitoweka siku kadhaa na kurudi na habari za miji mingine, sikuhitaji maelezo ya ziada. Baba yake Oscar Peterson alikuwa mmoja wa wahudumu hao. Mwanawe, aliyezaliwa mwaka 1925, akawa miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa jazi duniani, na Gene Pendon amemchora hapo mtaani kwake. Lakini ukuta ulioniteka zaidi ni wa dada yake, Daisy Peterson Sweeney, uliochorwa na Kevin Ledo mwaka 2018. Huyu hakuzunguka dunia kama kaka yake. Alibaki Montreal akifundisha watoto piano, Oscar mwenyewe akiwa mmoja wao, na mpiga piano wa jazi Oliver Jones pia. Kwamba mwalimu wa mtaa amepewa ukuta mzima, na si nyota peke yake, ni jambo lililonigusa, na nilisimama pale hadi simu yangu ikazimika kwa baridi. (Betri hushuka ghafla kwenye baridi kali, iweke simu mfuko wa ndani, karibu na mwili.)

Mchoro mkubwa wa Cohen ulioko barabara ya Crescent, kazi ya El Mac na Gene Pendon yenye kimo cha zaidi ya ghorofa 20, haumo katika matembezi haya. Utafute mwenyewe, unaonekana vizuri hata kutoka juu ya mlima Mont-Royal.

Matembezi hufanyika kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Msomaji wa Bujumbura, Goma au Lubumbashi anayekijua Kifaransa asisite kukichagua, kwani kundi letu la Kifaransa lilikuwa dogo na wakazi wawili wa mji waliokuwemo waliongeza habari ambazo kiongozi hakuzigusa. Bei ilikuwa dola za Kanada 35, bila kodi, tiketi ya treni wala bakshishi, nayo naiona ya haki. Vaa soksi za sufu, nguo ya kubana chini ya suruali, viatu vya theluji visivyopitisha maji, na glovu nyembamba ndani ya zile nene ili uweze kupiga picha. Kampuni haiahirishi kwa sababu ya baridi peke yake bali kwa mvua ya barafu, ambayo hugeuza njia kuwa kioo, na hapo hukupangia siku nyingine au kukurudishia fedha. Kwa hiyo weka nafasi mwanzoni mwa ziara yako, na uchukue zamu ya saa nne asubuhi, kwa sababu Januari jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni na kundi la alasiri hufika Little Burgundy giza likiwa limeshaingia.