Fundi wa Makoroboi na kompyuta yangu iliyogoma kuleta picha: uzoefu wangu

Nina steshenari Malimbe, hapa Mwanza, karibu na chuo cha SAUT, na msimu wa ripoti za utafiti wanafunzi hujipanga mlangoni na flashi mkononi. Mashine ninayoitegemea ni HP Compaq ya mezani, niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Jioni moja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Uliporudi na kutulia, mashine ikawa inawaka lakini haileti picha. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, kioo cheusi tii.

Duka la kwanza nililoipeleka walibonyeza swichi, wakatazama kioo, wakaniambia madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote vya ndani, imeungua. Kifuniko hawakukigusa. Wakanitajia laki mbili na nusu, tena niiache mashine hapo hapo. Hela iliniuma, ila kilichonitia hofu zaidi ni haddiski, maana ndani yake kulikuwa na kazi za watoto wa watu. Nikaibeba nikaondoka nayo.

Jirani yangu ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja Makoroboi, kwenye kichochoro cha wauza simu. Ni kijana tu, lakini namna anavyofanya kazi ndiyo iliyonifanya niandike haya. Alianza na maswali. "Mama, kabla haijagoma ulikuwa umeongeza kitu ndani? Saa yake huwa inakaa sawa?" Nikamwambia kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka mingi. Akatikisa kichwa, akaendelea.

Akaiunganisha na kioo chake ambacho ana uhakika nacho, kwa waya wake mwenyewe, ili kioo changu kisiwe sehemu ya mashaka. Bado giza. Hapo akachomoa waya wa umeme, akashikilia swichi ya kuwashia kwa muda ili umeme uliobaki ndani uishe, akagusa chuma cha boksi kuondoa umeme tuli mwilini, ndipo akafungua. Sisi wa kandokando ya ziwa tunawajua wale wadudu wanaovamia taa jioni. Walikuwa wamejaa kwenye feni, wamekauka na kushikana na vumbi. Aliwatoa kwa brashi ya rangi, taratibu, bila kupuliza kwa mdomo, kwa sababu mate ni maji na maji hayatakiwi mule.

Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona fundi akilifanya. Alichomoa ramu zote mbili, vile vijibao vya memori, akaiwasha mashine hivyo hivyo. Taa ya mbele ikageuka nyekundu, ikapepesa mara tano, na mlio ukasikika mara tano. Ikanyamaza kidogo, ikarudia. Akanigeukia, uso umechangamka: "Umeisikia? Inasema haioni memori. Madabodi ingekuwa imekufa, isingeweza kusema hivyo." Ni kweli kabisa. Mlio ule hutoka pale prosesa na programu ya kuwashia iliyo kwenye madabodi zinapokuwa hai na zinajikagua. Laki mbili na nusu zangu ziliokolewa na milio mitano.

Meno ya ramu yalikuwa yamefifia kwa unyevu. Akayasugua kwa kifutio cha penseli, akapangusa kwa kitambaa kikavu, akaweka ramu moja peke yake. Picha ikaja! Akaitoa, akaweka ya pili mahali pale pale. Giza. Akairudisha ya kwanza kwenye tundu la pili, picha ikaja tena. Kwa hiyo matundu yote mawili ni mazima, na mgonjwa ni ramu moja tu. Nilisimama pale nikifuatilia kila hatua, hakuna nilichofichwa.

Akanitafutia ramu nyingine ya DDR3, GB 4, iliyotumika, akaijaribu mbele yangu. Akabadilisha na betri ya saa, ile bapa ya CR2032, akasema volti zake zilishashuka chini sana ya 3. Gharama: 5,000 ya kukagua, 20,000 ya ramu, 3,000 ya betri. Jumla shilingi 28,000. Faili zote nilizikuta kama nilivyoziacha. Wabeja sana, yaani asante sana kwa Kisukuma, fundi.

Kuna ya kurekebisha. Risiti hatoi mpaka uidai, na dhamana ya mwezi mmoja aliitoa kwa mdomo. Nilimwomba aiandike na akaandika bila kununa. Sehemu yake ni finyu, unasimama huku mikokoteni inakupita mgongoni. Na simu yake haiachi kuita, kila mara anakatisha kazi kupokea. Kwa mtu anayeshika vitu vidogo namna ile, angemtafuta mtu wa kumpokelea.

Alinishauri ninunue UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda ukikatika, nimenunua. Umeme ukikatika nazima kila kitu na kuchomoa, nasubiri utulie.

Ukienda kwake nenda asubuhi, mchana foleni inakuwa ndefu. Beba boksi tu na waya wake wa umeme, kioo kiache nyumbani maana anacho. Na kama mashine yako ina kadi ya picha ya kuongezea, kwanza angalia waya wa kioo umechomekwa kwenye kadi hiyo na siyo kwenye tundu la madabodi. Fundi anasema wengi wanaomletea mashine "zilizokufa" tatizo lao ni hilo, na hao hawatozi kitu.