Kaunta ya jikoni: marumaru au graniti?

Kwa macho, marumaru nyeupe inashinda, sibishi. Lakini jikoni kuna ndimu, nyanya na siki, na marumaru ni kalisiamu kaboneti, sawa na mawe ya chokaa yanayotengenezewa saruji kule Athi River. Asidi ikiigusa, hutoka vipovu vya kaboni dayoksaidi na jiwe lenyewe huyeyuka. Niliona kaunta mpya South B, Nairobi, ambapo nusu ya ndimu ya kachumbari ilisahauliwa usiku kucha. Asubuhi palikuwa na duara lililopoteza mng'aro, lenye mkwaruzo ukipitisha kidole. Hilo si doa, kwa hiyo sabuni haisaidii. Ni mpaka fundi aje kung'arisha upya. Dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe huzuia mafuta na chai, lakini haizuii asidi.

Graniti ni hasa madini ya kwatzi na feldispa. Siki haiifanyi kitu.

Kabla ya kulipa, omba kipande, kikwaruze kwa msumari upate unga, kisha udondoshee siki. Ukiona vipovu, jiwe hilo ni la jamii ya chokaa, hata muuzaji akiliita graniti. Mimi jikoni ningeweka graniti, marumaru niipeleke sebuleni.