Hogo la mwanangu nililitoa nyumbani kwa maneno ya simu, hasira haijaniisha

Imepita muda sasa, ilikuwa mwaka jana kipindi kile ziwa linachafuka, lakini kila nikikumbuka moyo unaniwaka kwa hiyo leo naandika. Mwanangu wa kiume alizaliwa na miguu kifundo, yote miwili, nyayo zimegeukia ndani zinatazamana. Sisi tunakaa Mwamgongo, kijiji cha kando ya Ziwa Tanganyika, usafiri wetu ni boti mpaka mwalo wa Kibirizi afu bodaboda mpaka hospitali. Hospitali sitaitaja jina, ni hapahapa Kigoma.

Kliniki yao wanatumia njia ya daktari mmoja aliyeitwa Ponseti. Fizio, yule mtaalamu wa viungo, anaushika mguu anaunyoosha taratibu kwa mikono, kidogo tu, afu anafunga hogo, yaani plasta ngumu, kuanzia vidoleni mpaka pajani, wiki inayofuata linatoka anasogeza tena kidogo linafungwa jingine. Mara tano sita hivi. Na mi kila wiki niko kwenye boti na mtoto mchanga mwenye mahogo mawili mazito kuliko yeye.

Sasa hogo la tatu. Jioni kabla ya kliniki nikapiga simu kuhakikisha wapo, akapokea sista wa mapokezi, akasema "mama liloweke ulitoe hukohuko, uje mtoto akiwa tayari, huku foleni ni kubwa." Nikaona sawa, si yeye ndo wa hospitali? Nikapasha maji nikamweka mtoto mapajani miguu ndani ya beseni, nikaanza. Ile plasta inalainika inakuwa kama uji mzito, unatafuta ncha ya bandeji kwa kucha, unakunjua, inakwama, unamwagia maji tena. Baba yake anamulika na tochi ya simu. Tumemaliza saa saba usiku. Vimiguu vikatoka vyembamba, ngozi imefifia inabanduka, lakini jamani vilikuwa vimeanza kunyooka! Nililia pale chini kwenye mkeka, baba yake akawa anavibusu kimoja kimoja.

Asubuhi upepo, boti haikutoka. Kesho yake haikutoka. Na mi nakaa naangalia mguu wa mwanangu unarudi. Sisimuliwi na mtu, naona mwenyewe, asubuhi kidole gumba kimesimama vizuri, jioni kimeshaanza kuangalia ndani, nakirudisha kwa mkono, nikiachia kinarudi.

Tulipofika fizio alishtuka, "nani kakwambia ulitoe?" Akanieleza hogo linatolewa kliniki, dakika chache kabla ya kufunga jingine, mguu ukikaa wazi unapoteza kile ulichopata. Nikamwambia ni sista wa dirishani. Akaitwa. Mbele ya benchi zima la wamama akasema, "Mimi? Nyie wa ziwani ndo zenu, mnajitolea mahogo wenyewe mkiulizwa mnasingizia watu." Namba ipo kwenye simu yangu, nikamwonyesha saa niliyopiga, hata hakuitazama, akarudi kwenye kiti chake akaita kadi inayofuata. Hakuna pole.

Kwa hiyo nilipanga niandike msiende, mapokezi ni sifuri. Na ni sifuri kweli. Ila yule kijana wa fizio, dah. Alimaliza wagonjwa wake wote afu akakaa na mwanangu peke yake, nikamnyonyesha huku yeye anafunga, mkono wake mwepesi mtoto akalala. Akawa ananisimulia kwamba huyo Ponseti alikuwa Mhispania, alifanya kazi Iowa huko Marekani, alianza kutibu hivi tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 na madaktari wengi hawakumjali kwa miaka mingi, walipenda kupasua, kumbe mtoto aliyepasuliwa sana akiwa mtu mzima mguu unakakamaa na kuuma. Njia ikaja kushika kasi baada ya kitabu chake cha mwaka 1996, na wazazi ndo walioisukuma, wanaambiana kwenye intaneti. Hapo nikazidi kuumia. Wazazi! Afu sista ananiita mimi muongo.

Tuliongeza hogo moja zaidi ya yaliyopangwa, maana yake boti moja zaidi na wiki moja zaidi. Mwisho akapigwa ganzi kisiginoni, kano ikakatwa kwa tundu dogo hata uzi halikuhitaji, hogo la mwisho wiki tatu, ndo tukapewa viatu vyenye chuma katikati. Saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, sa hivi anavivaa akilala tu, mpaka afike kama miaka minne. Msiache hivyo viatu jamani hata akilia, mguu unarudi, mi nimeuona ukirudi.

Kijijini kwetu kuna mzee anashona nyavu, anatembelea ubavu wa mguu tangu utoto. Wiki iliyopita mwanangu alisimama ameshika goti la huyo mzee, nyayo zote chini. Mzee aliziangalia muda mrefu hakusema kitu.

Nendeni. Nimebadilisha, nendeni, muulizeni fizio, na mtu wa dirishani akikwambia utoe hogo nyumbani usimsikilize. Na mimi bado nasubiri ile pole. Halafu kama kuna mzazi ambaye mwanae amekua viatu vyake havimtoshi tena naomba tuwasiliane, vya wangu vimeanza kumbana vidole.