Chanjo ya Ndigana Kali kwa Mfugaji Anayepakana na Nyati: Tathmini Baada ya Misimu Miwili

Chanjo ninayoitathmini hapa haikai kwenye rafu ya duka la dawa za mifugo. Huletwa bomani ndani ya mtungi wa naitrojeni ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na mfugaji huiona kwa muda mfupi tu, tangu mrija unapotolewa mtungini na kuyeyushwa hadi ndama wa mwisho anapochomwa sindano. Ni chanjo ya ndigana kali, ugonjwa ambao Wamaasai huuita oltikana, na ambao kwa hesabu ya boma letu umetumalizia ndama wengi kuliko simba na fisi wakijumlishwa. Nimeitumia kwa misimu miwili kwenye mifugo ya familia huko Simanjiro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, mahali ambapo ng'ombe, nyumbu, pundamilia na nyati hula nyasi zilezile na kunywa kwenye dimbwi moja. Ninamwandikia mfugaji mwenye mazingira kama hayo, kwa sababu maelezo tunayopewa kuhusu chanjo hii aghalabu humfaa zaidi mtu mwenye ng'ombe wa maziwa ndani ya uzio.

Ndigana kali husababishwa na kimelea kiitwacho Theileria parva, na huenezwa na kupe wa kahawia apendaye kujificha sikioni. Kupe huyo hubadilisha mnyama katika kila hatua ya maisha yake: hunyonya damu ya mmoja, huanguka, hujivua gamba majanini, kisha humpanda mwingine, na kimelea alichokiokota kwa wa kwanza hukifikisha kwa wa pili. Hakirithishi kwa mayai yake, kwa hiyo kupe aliyeanguliwa leo hana hatari yoyote mpaka amnyonye mnyama mwenye maambukizi. Hapo ndipo nyati anapoingia katika hesabu. Nyati ndiye mwenyeji wa asili wa kimelea hiki. Hukaa nacho miaka mingi bila kuugua, huku akiwagawia kupe wanaomnyonya. Ng'ombe hana ustahimilivu huo. Kimelea huvamia chembe nyeupe za damu yake na kuzifanya zizaliane ovyo mithili ya saratani. Tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega huvimba, homa hupanda, mapafu hujaa maji, na asipotibiwa mapema mnyama hufa baada ya wiki chache tu tangu alipoumwa na kupe, povu likimtoka puani.

Chanjo yenyewe huitwa mchanganyiko wa Muguga, kwa jina la kituo cha utafiti kilichoko nje kidogo ya Nairobi ambako iliundwa katika miaka ya 1970. Ndani yake mna aina tatu za kimelea zilizo hai, na moja kati ya hizo asili yake ni nyati wa Serengeti, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa fahari na ambalo nitalirudia hapa chini. Kwa kuwa vimelea hivyo havikudhoofishwa, ndama huambukizwa ugonjwa kweli, na papo hapo huchomwa sindano ya pili ya oksitetrasaiklini, dawa ya antibiotiki inayodumu mwilini kwa siku kadhaa, ili vimelea vizuiwe visimlemee wakati mwili wake unajifunza kupigana navyo. Ni njia ya kijasiri, na mzee mmoja wa kwetu alipoelezwa aliuliza kama tumekosa magonjwa hata tuyanunue. Swali lake lina haki. Hata hivyo njia hii imetumika kibiashara kaskazini mwa Tanzania tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na ng'ombe aliyepona baada ya kuchanjwa hubaki na kinga kwa miaka mingi, hasa akiendelea kuumwa na kupe kidogo kidogo malishoni.

Nikiacha mada kwa aya moja: Muguga hapohapo ndipo mtafiti Walter Plowright na wenzake walipotengeneza chanjo ya sotoka, ugonjwa uliotangazwa mwaka 2011 kuwa umetokomezwa duniani. Ng'ombe walipochanjwa, nyumbu wa Serengeti waliacha kufa kwa sotoka, na idadi yao iliyokuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikavuka milioni moja kabla ya miaka ya 1970 kwisha. Sindano iliyochomwa kwa ng'ombe iliwaponya wanyama wa mwituni ambao hakuna aliyewagusa. Ndigana kali haitupi faraja hiyo, kwa sababu hata tukiwachanja ng'ombe wote wa wilaya, nyati watabaki na kimelea chao vilevile.

Sasa nije kwenye huduma, ambayo kwa maoni yangu ndiyo sehemu dhaifu kuliko dawa yenyewe. Mrija mmoja una dozi 40, na ukishayeyushwa na kuchanganywa lazima utumike ndani ya saa chache, haurudishwi mtungini. Mwenye ndama kumi na wawili, kama nilivyokuwa mimi msimu wa kwanza, hana budi kuungana na majirani. Tulikubaliana maboma manne, tukazuia ndama wasiende malishoni, na mtoa chanjo akaahidi kufika saa moja asubuhi. Alifika saa tano, jua likiwa kali, na wakati huo boma moja lilikwisha kata tamaa na kuwaachia ndama wake. Badala ya kusubiri warudishwe, aliufungua mrija, akawachanja waliokuwepo, akamwaga dozi zilizobaki, kisha akatutoza fedha za mrija mzima. Sikuona pia akiwapima ndama joto la mwili, ingawa mnyama mwenye homa au aliyedhoofu hapaswi kuchanjwa. Msimu wa pili tulimtafuta mwingine, na tofauti ilikuwa kubwa: aliyeyusha mrija baada ya kuwahesabu ndama zizini kwa macho yake, akawakataa watatu waliokuwa wagonjwa, akamkadiria kila mmoja uzito kwa kamba kabla ya kumpa oksitetrasaiklini, akawavisha hereni za sikio waliochanjwa, na akaacha namba ya simu aliyoipokea tulipompigia. Mnunuzi asiangalie dawa peke yake. Amchunguze na mkono unaoichoma.

Matokeo ya msimu wa kwanza, pamoja na kasoro hizo, yaliniridhisha. Kati ya siku ya kumi na ya ishirini ndama wawili walivimba tezi na kupata homa, hali ambayo tulikuwa tumeonywa kuwa hutokea kwa wachache, tukawatibu kwa buparvakuoni nao wakapona. Hapa ningependa kusisitiza kwamba gharama ya chanjo inapaswa kuhesabiwa pamoja na chupa moja ya dawa hiyo ikiwa tayari bomani, maana duka la karibu linaweza kuwa safari ya siku nzima na ndama mwenye ndigana hasubiri. Baada ya hapo, kwa mwaka mzima, ndama waliokuwa wakilishwa kwenye ololili, malisho yanayotengwa kwa ndama jirani na boma, hawakufa hata mmoja kwa oltikana, kitu ambacho sijawahi kukishuhudia tangu nianze kuchunga. Dozi moja haikufika robo ya bei ya mbuzi dume. Mnadani nako wanunuzi huanza kwa kutazama sikio, na mtamba mwenye hereni ya chanjo hapunguzwi bei kwa urahisi.

Tatizo lilijitokeza wakati wa kiangazi. Maji ya karibu yalipokauka tuliwahamishia mitamba tisa waliochanjwa kwenye bonde ambalo nyati hushinda mchana na hulala usiku. Ndani ya mwezi mmoja watatu walikufa. Ugonjwa ulikwenda kasi kuliko tulivyouzoea. Mnyama wa kwanza alikula vizuri jioni, keshokutwa yake akawa anahema mdomo wazi. Daktari wa mifugo aliyewapima alipata vimelea vichache mno kwenye damu na tezi, akatueleza kwamba hiyo ni dalili ya kawaida ya ndigana iliyotoka moja kwa moja kwa nyati: huua upesi kabla vimelea havijawa vingi. Tulimwonyesha hereni zao, tukamkumbusha ile aina ya Serengeti. Jibu lake ndilo ninalotamani liandikwe kwa herufi kubwa kwenye kila mtungi. Vimelea walivyonavyo nyati ni vya namna nyingi kupita kiasi kuliko vinavyozunguka kwa ng'ombe, na aina moja iliyochukuliwa kwa nyati, tena ikazoezwa kuishi ndani ya ng'ombe maabara, haiwezi kuviwakilisha vyote.

Baadaye nilisoma jaribio lililofanywa Laikipia nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2015, ambalo linasema jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Ng'ombe 12 waliochanjwa na 12 wasiochanjwa waliwekwa kwenye malisho yenye nyati lakini yasiyo na ng'ombe wengine, na katika kila kundi tisa walishindwa na ugonjwa. Chanjo haikuleta tofauti yoyote. Anayesoma matokeo hayo anaweza kuamua kuiacha kabisa, na nadhani atakosea, kwa kuwa wengi wetu hatuishi kwenye malisho ya nyati watupu. Ng'ombe wetu huokota kupe waliotoka kwa ng'ombe wa jirani mara nyingi kuliko waliotoka kwa nyati, na dhidi ya hao wa kwanza chanjo hufanya kazi yake barabara. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba hereni ni ruhusa ya kuingia bondeni.

Kuna wafugaji wengine waliochukulia hereni kuwa ruhusa ya kuacha josho, nao pia nawatahadharisha. Kuogesha kunaweza kupunguzwa, na hapo fedha huokolewa kweli, lakini kupe wengine hueneza ndigana baridi na maji moyo, ambayo chanjo hii haiyagusi kamwe. Haiugusi pia ugonjwa wa nyumbu, ule wa virusi vinavyotoka kwa ndama wa nyumbu na kumfanya ng'ombe apofuke macho yakiwa meupe kabla ya kufa. Kinga yetu dhidi ya huo bado ni ileile ya wazee: nyumbu wakianza kuzaa kwenye mbuga za nyasi fupi, ng'ombe huondolewa, hata kama nyasi hizo ndizo bora kuliko zote.

Kwa mwenye ng'ombe wa kisasa, ambaye mnyama mmoja akifa amepoteza mtaji wa mwaka, sioni sababu ya kusita kununua. Kwa anayepakana na hifadhi kama mimi, naishauri kwa sharti kwamba ajue nyati wake wanalala wapi na awaweke ng'ombe mbali na vichaka hivyo, na ikibidi kupita, aogeshe kabla na akague masikio jioni. Mwaka huu maboma matano tumeagiza mrija mmoja kwa ajili ya ndama waliozaliwa vuli, mtoa chanjo akiwa yule wa pili, kwa makubaliano kwamba mtungi hautafunguliwa kabla ndama wa mwisho hajaingia zizini. Bonde la nyati tumelifunga kwa mitamba wote, wenye hereni na wasio nazo, na maji ya kiangazi tutayafuata kisimani, mwendo wa saa tatu zaidi kila siku.